Bawa Linalorudisha Pumzi

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza tena. Nalisema hilo popote na sioni haya. Nimewahi kuuziwa shamba moja na ndugu wawili, kila mmoja akiniapia kwamba mwenzake alishakufa. Nimewahi kumuuzia mtu saruji asubuhi dukani kwangu Kinoo, na jioni akaja kuniuzia ile ile, imechanganywa na majivu. Shule niliiacha darasa la tano, lakini wenye digrii zao wananiita bosi na wananingoja nje nimalize chai. Kwa hiyo nikikuambia, rafiki yangu, kwamba mwezi uliopita nilikaa kwenye nyasi za watu Lavington, mtaa wa matajiri, nikalia kama mtoto aliyevunja glasi ya wageni, ujue sijipambi.

Nilikuwa nimeenda kununua jenereta. Mzee wa nyumba hiyo, mzungu wa zamani, alikuwa amefariki, na vitu vyake vilikuwa vimetolewa nje vikapangwa uani viuzwe: viti, mazulia, vikombe vya chai, mashine ya kukata nyasi. Ukitaka kununua kitu cha tajiri kwa bei ya maskini, ngoja tajiri afe. Dereva wangu alikuwa anaikagua jenereta, mimi nazunguka mikono nyuma kama vile nyumba ni yangu. Chini ya meza moja, kati ya vitabu vilivyoliwa na mende, nikaona sanduku la kadibodi la kijivu limefungwa kwa kamba ya katani. Halikuwa na picha wala maandishi. Pembeni lilikuwa na mhuri wa wino mweusi uliofifia: nzige mmoja, miguu ya nyuma ameiinua.

Nikakaa chini. Pale pale kwenye nyasi, na suruali yangu ya kitambaa cha maana.

Ngoja nikurudishe nyuma, miaka ya sabini ilipokuwa bado mbichi, kule Satellite, ukingoni mwa Nairobi. Wewe unayeijua Satellite ya maghorofa, ifute kwanza kichwani. Ile yetu ilikuwa mahindi, matope mekundu, na moshi wa makaa unaoinuka asubuhi kukutana na ukungu. Tulikaa ploti ya vyumba vya mabati vilivyotazamana, bomba moja katikati na choo kimoja nyuma. Sisi ni watu wa magharibi, na mama alihakikisha ploti nzima inajua: mrenda wake ulikuwa ukiteleza kwenye sufuria jioni, na harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, ilikuwa haiombi ruhusa kuingia nyumba ya mtu. Asubuhi mama alikwenda kufulia watu nguo Lavington. Baba alilinda lango huko huko usiku, akarudi kulala mchana. Mtu analala mchana ndani ya chumba kimoja, mtoto atacheza wapi? Ndiyo maana utoto wangu uliishi kwa jirani.

Jirani huyo nilimwita anko. Alikuwa Mkamba, mwembamba, mpole, mwenye mikono mikubwa ambayo mama alisema aliiazima kwa mtu akasahau kuirudisha. Kwao walikuwa wachongaji tangu babu yake. Yeye alikuja Nairobi akaajiriwa kiwanda cha plastiki Industrial Area, akishinda kwenye mashine ya kutoa vitana, kitana baada ya kitana, vyote sura moja. Alikuwa na mke na mtoto mchanga wa kike kwao, na mtoto huyo alikuwa amemwona mara moja tu. Mvua kwao zilikuwa zimekataa. Chumba kilichopakana na chake kilikuwa kitupu, na kila mwisho wa mwezi alimwambia mwenye ploti, "Kile chumba usikipatie mtu, mama wa mtoto anakuja." Mwenye ploti alikuwa mtu mzuri, lakini chumba kitupu hakitoi maziwa.

Sasa, kitu alichokuwa akifanya anko baada ya kazi, sijaona mwingine akikifanya mpaka leo, na nimeona mengi. Alikuwa akitengeneza ndege. Si za waya kama zetu watoto. Ndege za plastiki za kuunga, zile ambazo unanunua sandukuni zikiwa vipande, unazikata, unazipiga msasa, unazigandisha kwa gundi, ndipo ndege inatokea. Wazungu na Wahindi wa mjini walizipenda sana, watu wazima kabisa. Anko aliziona dirishani mwa duka moja karibu na Bazaar, akaenda akarudi Jumamosi ngapi sijui, akasema, "Kumbe hii ni kitana tu yenye mabawa."

Akachagua ndege ambayo dirishani haikuwepo: ndege ya nzige. Ilikuwa ndege ndogo ya injini moja, mabawa yamekaa juu ya kichwa, iliyopita juu ya mapaa yetu ikienda kumwagia nzige dawa huko mbali. Anko alikuwa ameiona tangu utotoni kwao, inapita chini kiasi kwamba mbuzi wanalala. Jumapili alinichukua tukaenda hadi ua wa uwanja mdogo wa ndege, tukasimama nje ya waya. Alinyoosha mkono, akafumba jicho moja, akapima ndege kwa kidole gumba akilinganisha na fundi aliyesimama chini ya bawa. "Huyo mtu ni mrefu kama baba yako," akasema. "Bawa ni yeye mara ngapi? Hesabu." Mimi nikihesabu kwa sauti, askari wa lango anatutazama kama wendawazimu.

Aliichonga kwa mti kwanza. Halafu akayeyusha risasi ya betri kuukuu za magari, akatengeneza kalibu, yaani lile umbo la ndani linalomiminiwa plastiki. Alikuwa na chuma chenye mdomo alichokipasha kwenye jiko la makaa, ndani kimejaa plastiki iliyoyeyuka, na juu ana mti mrefu wa kukandamizia. Mimi nilikuwa naning'inia kwenye ule mti kuongeza uzito. Plastiki ilikuwa kazi yangu kuitafuta. Nilizunguka Riruta hadi Kawangware nikiokota vitana vilivyovunjika na kalamu zilizokwisha wino. Kipande cha beseni hakifai, ukikiuma kinanyamaza. Cha kitana kikiumwa kinalia tak. Meno yangu ya mbele yana kona mpaka leo, daktari aliniuliza kama ni ajali nikamwambia ni elimu.

Na chakula! Anko alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, jikoni pale pale alipoyeyushia plastiki. Mpaka leo nikila muthokoi hoteli ninaona umepungukiwa na kitu, halafu nakumbuka: harufu ya kitana.

Risasi ni laini. Hapo ndipo shida yote ilipo, na naomba unifuate. Kalibu ya chuma ya kiwanda kikubwa inatoa ndege mpaka wajukuu wazeeke. Kalibu ya risasi inatoa kama thelathini hivi nzuri, halafu inaanza kuchoka. Mistari ya mabati, ile inayoonyesha maungio ya ndege, inafutika. Kona hazijai. Plastiki inavuja pembeni inafanya utando tuliouita ngozi. Kwa hiyo kila ndege lazima ihukumiwe peke yake, na jaji nilikuwa mimi. Anko mwenyewe alisema mchongaji hawezi kuhukumu kazi yake, atakuwa anatazama ile aliyoitaka badala ya ile aliyoipata. Ploti nzima ikaanza kuniita Jaji. Mama akinituma maji: "Mheshimiwa Jaji, ndoo imekuita mahakamani."

Nikufundishe, kwa kuwa hakuna wa kukufundisha tena. Kwanza unanusa: plastiki iliyoungua itavunjika siku ya gundi. Pili unainua kipande juani; palipo pembamba panawaka, na palipowaka pamejaa uwongo. Tatu unapitisha ukucha kwenye mistari, unapaswa kuhesabu bila kutazama. Nne, unapitisha ukingo kwenye mdomo wa chini. Mdomo unajua ngozi kuliko kidole. Halafu jaribio la mwisho, ambalo lilikuwa langu mimi, sikufundishwa na mtu. Bawa lina nusu ya juu na nusu ya chini, ndani ni wazi. Unazishika pamoja bila gundi, unaweka mdomo pale bawa linapokutana na mwili, unapuliza. Kama nusu hazikushikana, pumzi inatokea pembeni unaisikia shavuni. Kama zimeshikana, pumzi haina pa kwenda, inakurudia usoni. Pumzi ikirudi, bawa ni zima. Ikitoka, bawa linarudi kwenye sufuria ya kuyeyushia.

Na lilirudi kweli. Anko alikuwa na neno la kwao wachongaji: kilichopasuka kipikie uji. Kinyago chenye ufa hakiuzwi, hakipewi hata mgeni. Kinawekwa motoni uji uive, na mchongaji anakunywa ule uji na kunyamaza. Nilimuuliza, kwa nini usikizibe kwa nta? Akasema, "Nta haijui kunyamaza. Siku ya joto inasema."

Jumamosi moja tukaenda mjini na sanduku la kwanza. Lilikuwa la kadibodi ya kijivu, na mhuri wa nzige aliuchonga mwenyewe kwenye kipande cha raba ya kiatu. Duka lile lilikuwa na desturi yake. Jumamosi asubuhi wale wapenzi wa ndege walikusanyika, na kila sanduku jipya lilifunguliwa juu ya kaunta mbele ya wote kabla mtu hajalipa. Walishika vipande, wakavikagua kwa miwani, wakabishana. Nikawaona ni majaji wenzangu, nikajipanga mstari.

Aliyesikizwa zaidi alikuwa bwana mmoja wa masharubu, mzungu wa Lavington. Alivigeuza vipande vya anko kimoja kimoja, mpaka mwenye duka, Mhindi mnene wa miwani, akaacha kuhesabu chenji.

"Hakuna picha juu ya sanduku," mwenye duka akaanza. "Na hapana pini ya kushika hapa na hapa. Mtu atapataje kuunga?"

"Atapima, bwana," anko akajibu. "Ndege ya kiwanda kikubwa inakuja kama chakula kimepikwa. Hii inakuja kama nafaka."

Yule bwana akacheka, lakini si kwa dharau. "Kazi mingi sana hapa," akasema. "Kioo ya rubani iko na ukungu kidogo. Lakini umbo ni sawasawa. Hii ndege hapana mtu nyingine natengeneza. Ulaya hapana, Amerika hapana." Akalipa hapo hapo, akalitia sanduku kwapani. Nakumbuka alitoka nje akalifungua tena barabarani, chini ya jua, akiinua bawa atazame. Nikamwambia anko, "Umeona? Anajua jaribio la jua." Anko hakunisikia. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeitwa jina lake kwa kipaza sauti.

Mwenye duka akampa oda. Sanduku hamsini, mwisho wa mwezi ujao, zote kwa mpigo, kwa sababu nusu angezipeleka Mombasa na Kampala kwa wenzake. "Hamsini," akasema akipiga kaunta kwa kidole. "Mimi hapana taka kidogo kidogo."

Njiani anko alinunua kanga, ya mke, na kofia ya sufu, ndogo, ya mtoto. Aliitundika kofia ile kwenye msumari juu ya kitanda. Alimwambia mwenye ploti, "Sasa kweli." Akapaka chokaa kile chumba cha pili na mlango akautengenezea bawaba. Mama akaingia kukikagua, akasema hapa patakaa kitanda, hapa sufuria, na jiko liwe mbali na mtoto. Alikuwa tayari amempangia maisha mwanamke ambaye hajamwona.

Tulifanya kazi wiki zile mpaka mikono ikawa na rangi ya plastiki. Ndege ya kwanza ya oda ilitoka kama imekatwa kwa wembe. Ya kumi, safi. Ya ishirini, safi. Zilipopita thelathini nikaanza kuhisi kitu kwenye mdomo wa chini, kama unywele. Sikusema mara moja. Jaji hatoi hukumu kesi ikiendelea. Lakini nilimwona anko naye akipitisha ukucha kwenye kalibu, akiitazama, akiifuta, akiipitisha tena. Kutengeneza kalibu nyingine kulitaka miezi, na mwisho wa mwezi ulikuwa wiki hiyo.

Jumapili alasiri akatandika gunia katikati ya ploti, akapanga ndege zote hamsini. Ploti nzima ikatoka kutazama. Ilipendeza, rafiki yangu. Ilikuwa kama uwanja wa ndege wa nchi ndogo yenye bahati. Mama alikuwa anachambua mboga kando, akasema kilichokuwa kwenye roho ya kila mtu.

"Shemeji, funga zote upeleke. Mhindi atajuaje?"

"Mhindi hatajua. Atajua atakayefungua."

"Na atakayefungua yuko Kampala! Wewe utamwona wapi? Mtoto wa watu analala na maji ya uji huko kwenu, wewe unapuliza plastiki?"

Anko akavuta kigoda. Akakaa, sufuria ya kuyeyushia karibu na mguu. Akanitazama. "Jaji. Sema."

Nikaanza. Za kwanza zilipita haraka, pumzi inarudi, naziweka kulia. Watu wakashangilia kila moja kama mpira umeingia. Halafu nikafika zile za mwisho. Nikapuliza, nikaisikia shavuni. "Imetoka." Anko akachukua ndege nzima akaiweka kwenye sufuria. Iliyofuata, imetoka. Mama akaacha mboga. Iliyofuata, imetoka. Moja nilipoipuliza pumzi ilirudi karibu yote, kidogo tu ikaponyoka nchani. Anko akaona uso wangu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Mtoto wa miaka kama kumi na moja, ameshika bawa la plastiki, na anaona juu ya kitanda cha mtu, mlango ukiwa wazi, kofia ndogo ya sufu kwenye msumari. Nilitaka irudi. Nilivuta pumzi ndogo ili irudi. Lakini bawa halina huruma.

"Imetoka, anko."

Akaitikia kwa kichwa, akanyoosha ule mkono wake mkubwa. "Kilichopasuka kipikie uji."

Zilibaki thelathini na moja.

Mwenye duka hakuwa mtu mbaya, na sitakubali mtu amseme vibaya. Alizifungua, akasema ni nzuri, kweli ni nzuri. Halafu akasema oda ni hamsini. Anko akamwomba miezi miwili atengeneze kalibu nyingine. Mwenye duka akavua miwani akaifuta. "Rafiki, watu ya Mombasa nataka mzigo leo. Kama mimi napeleka kidogo, wao nanunua kwa mtu nyingine." Aliporudisha masanduku kaunta, aliyapanga kwa heshima, mhuri wa nzige ukitazama juu. Hilo nalikumbuka. Tulizirudisha Satellite ndani ya gunia lile lile.

Hapo ndipo anko alipokosea, na ni kosa la mchongaji, mtu mwingine hawezi kulifanya. Alidhani mji unanunua kilicho bora. Mji unanunua kilichotimia.

Chumba cha pili akapewa dobi. Mwenye ploti aliomba radhi mara mbili, akasema yeye naye ana watoto. Dobi akatundika pasi yake ya makaa kwenye ile bawaba mpya.

Haikupita muda, akaja mtu wa kwao anko, viatu vyeupe kwa vumbi la safari. Walisimama karibu na bomba wakaongea Kikamba kwa sauti ya chini. Sikuelewa neno hata moja, lakini nikamwona anko akikaa chini pole pole, akiushika ule mti wa kukandamizia kama mzee anavyoshika fimbo. Mama ndiye aliyeniambia kwamba mtoto wa anko amefariki. Ilikuwa surua. Na mtoto aliyeshiba kidogo surua inampata amelala.

Anko aliondoka siku hiyo. Aliichukua ile kofia akaitia mfukoni. Mlangoni nilikuwa nimesimama, nimemzibia njia. Akaniwekea mkono kichwani.

"Ulisema kweli, Jaji."

"Anko, ile moja ilikuwa karibu irudi."

"Karibu si kurudi. Usiache kusema hivyo."

Hakuonekana tena Satellite. Kodi ilipolala, mwenye ploti alifungua chumba akagawa ndege zile kwa watoto. Waliziunga kwa ugali, wakazirusha kutoka juu ya mapaa, zikaishia mahindini. Mimi sikuchukua hata moja. Zilikuwa nzuri mno kwangu, au mimi nilikuwa mbaya mno kwazo, sikumbuki nilifikiria lipi.

Watu huniuliza nilipataje utajiri bila shule. Huwa nawadanganya kwamba ni bidii. Ukweli ni kwamba nauza mabomba na matangi ya plastiki, na kila bomba linaloingia dukani kwangu nalipuliza kabla sijalilipia. Wasambazaji wananiogopa barabara yote ya kwenda Limuru. Hakuna tangi langu lililowahi kuvuja. Jumba langu, magari yangu, ada za watoto wangu chuo kikuu, vyote vimetoka kwenye pumzi iliyomnyima mtu chumba. Nimejiuliza usiku na mchana kama nilikosea, na kila mara jibu ni kwamba sikukosea. Hilo ndilo linaloniuma. Kosa ningeliombea radhi, tukaachana.

Nilipopata gari la kwanza nilikwenda kwao kumtafuta. Nikaambiwa amekufa zamani. Alikuwa amerudi kuchonga, twiga wa watalii, wote sura moja kama vitana. Mke aliolewa kwingine. Nikaonyeshwa kaburi ambalo halikuwa na alama, na jirani mmoja hakuwa na hakika kama ni lile au la pembeni.

Basi, Lavington. Nimekaa kwenye nyasi nimeshika sanduku lile moja tu lililowahi kuuzwa. Kamba ilikuwa ile ile ya anko. Nikalitikisa, vipande vikalia ndani: bwana wa masharubu, kumbe ndiye marehemu wa nyumba hii, hakuiunga ile ndege maisha yake yote, aliihifadhi. Kijana aliyekuwa akiuza akaja, mjukuu wa nyumba, mpole, simu mkononi.

"Sasa mzee. Hiyo ni toi tu ya zamani, nipe mia mbili uende nayo."

Ungenijua ungeshangaa. Mimi ni mtu wa kupunguza mia mbili iwe hamsini na kuomba na mfuko juu. Lakini nilisikia lile neno, toi, yaani kitu cha watoto kuchezea, na damu ikapanda.

"Toi? Njoo hapa wewe. Kaa chini."

Akakaa. Nikafungua. Nikamwonyesha mistari ya mabati, nikamfanya aihesabu kwa ukucha amefumba macho. Nikainua bawa juani, nikamwambia tafuta palipowaka, ukipaona nakupa gari langu. Nikamwambia hii imechongwa na mtu aliyepima ndege kwa kidole gumba. Ulaya hapana, Amerika hapana, dunia nzima ni hii.

"Dunia nzima?" kijana akauliza. "Basi hiyo si ya mia mbili, mzee. Hiyo hata ni elfu tano."

Dereva wangu akainama sikioni. "Bosi, unajipandishia bei mwenyewe."

"Nyamaza." Nikaendelea. Nikamweleza kalibu ya risasi, na kwa nini ya kwanza ndiyo iliyo kali kuliko zote, na hii ndiyo ya kwanza. Elfu nane. Nikamweleza masanduku thelathini na moja yaliyorudishwa, na yalikoishia. Elfu kumi na mbili. Nilijua ninachofanya, usifikiri nimezeeka. Kila bei ilipopanda nilisikia raha kifuani ambayo sijaisikia kwenye ploti zangu zote. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameketi na kazi ya yule mtu mkononi, na kila alichoambiwa juu yake kiliongeza thamani. Watu wengine wakasogea kusikiliza, kama zile Jumamosi.

Halafu nikashika nusu mbili za bawa, nikaweka mdomo, nikapuliza. Plastiki ina miaka zaidi ya thelathini na tano. Ingeweza kupinda. Ilikuwa na haki ya kupinda.

Pumzi ikanirudia usoni, na ndani yake, kwa mbali, harufu ya kitana.

Siku hizi watoto wa Satellite wananunua vitu vilivyokwisha kutengenezwa, na vikivunjika vinatupwa. Lile duka la karibu na Bazaar linauza vifuniko vya simu. Mahindi hayapo, bomba la ploti halipo, mama hayupo. Hata ndege ya nzige siku hizi sijaiona ikipita. Amebaki jaji, na kesi moja.

Kijana alikuwa akinitazama kwa wasiwasi, maana mtu mzima akilia hadharani haipendezi. Akauliza taratibu, "Sasa mzee, utanipa ngapi?" Sikujadiliana. Nikatoa pesa zote nilizokuja nazo za jenereta, nikageuza mifuko ya koti na ya suruali, mpaka sarafu za kuegesha gari, nikamwekea mkononi. Jenereta ikabaki. Dereva alizihesabu mara ya pili kwa sauti, kwa sababu hakuamini: shilingi elfu kumi na tisa, mia nne thelathini na tano.